Ndiyo ya Mashine

Televisheni yetu ilifungwa ukutani na kijana aliyekuwa anataka kumwoa binti yetu. Naliweka hili mwanzoni ili ijulikane kwamba balaa lililompata baadaye alilileta mwenyewe, akalitobolea ukuta, akalikaza kwa skrubu, akalifuta vumbi, kisha akarudi nyuma kidogo kuangalia kama limekaa sawa.

Ni fundi wa sola, kwao ni Kyerwa. Sisi tuko Nyabiyonza, upande wa Karagwe, na binti yetu ni muuguzi kule Nyakahanga. Walijuana siku kijana alipokwenda kufunga taa kwenye nyumba aliyopanga binti. Taa moja ikagoma kuwaka, ikabidi arudi kesho yake, na keshokutwa pia. Mpaka leo sijapata maelezo ya kitaalamu kuhusu taa ile.

Pamoja na televisheni alituletea flashi yenye tamthilia ya Kijapani iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kama hujawahi kuangalia tamthilia za namna hii, nikueleze kidogo. Hazitafsiriwi na watu wengi. Anakaa bwana mmoja mahali, anaongea juu ya sauti za wenyewe, na yeye huyohuyo ndiye baba, mama, daktari na mbwa anayebweka. Akichoka kutafsiri anaweka maoni yake. Mwanamke wa Kijapani analia kimyakimya dirishani, na bwana yule anasema, "Huyu dada jamani, mapenzi yamemkalia kooni." Sasa mtazamaji hajui hayo ni maneno ya dada, ya mtunzi, au ya bwana mwenyewe aliyechoshwa. Ndiyo maana watu walinihitaji. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, lakini ugonjwa wa kueleza haukustaafu nami.

Watazamaji walikuwa haohao kila Jumapili mchana, baada ya ibada. Mke wangu, akiwa na ungo wa maharage ya kuchambua mapajani. Jirani yetu katekista, Mkatoliki katikati ya Walutheri, ambaye alisema anakuja kulinda maadili. Na dada yangu mkubwa, anayeishi kwenye kibanja, shamba la migomba lililo chini ya letu, ambaye alipanda kilima kwa fimbo na kukalia kiti changu bila kuuliza. Kijana naye alikuja akipata nafasi, akakaa kwenye stuli karibu na betri, tayari kwa lolote.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mama mmoja mjane, mtu wa makamo, ana duka la kufua na kupiga pasi nguo katika mji mmoja huko Japani. Mwanawe anafanya kazi mbali na hana muda wa kuja, basi anamtumia roboti. Si roboti la mabati lenye taa kichwani. Ni roboti lenye umbo la mwanaume, nywele zimechanwa, shati limechomekewa, sura nzuri kupita waume wa watu. Limetengenezwa limsaidie kazi na limpende. Hilo la kupenda nalo lilikuwa kazi, limewekwa ndani yake kama tunavyoweka saa ya kengele kwenye simu.

Mwanzoni mama yule alilitumia kunyoosha mashuka. Kisha akaanza kulipakulia chakula, nalo haliwezi kula, likawa linakaa mbele ya bakuli tupu likitabasamu ili asile peke yake. Kisha wakashikana mikono. Siku waliyokumbatiana katikati ya nguo zilizoanikwa, katekista alishusha kofia usoni. Tulijua kofia ile ina tundu.

"Hii ni zinaa," alisema ndani ya kofia.

"Zinaa na nini?" dada akauliza. "Kile ni kifaa. Yule mama ana pasi pale dukani, anaishika kutwa. Umewahi kusikia mtu amezini na pasi?"

"Pasi haikuangalii machoni."

"Hata marehemu mume wako, wifi, hakuwa anakuangalia machoni," mke wangu akamwambia dada.

"Marehemu nani? Nani kakuambia amekufa? Yuko Uganda."

Habari hiyo katika ukoo wetu huwa tunaizunguka kama shimo la choo cha zamani. Mume wa dada alikuwa mtu mpole kupindukia. Dada akisema leo tupalilie, anasema sawa. Akisema tusipalilie, sawa. Aliishi naye miaka mingi bila kusikia neno la kupinga, watu wakamwonea wivu, na asubuhi moja bwana akavaa koti, dada akamwambia apitie sokoni alete chumvi, akasema sawa, akavuka mpaka. Chumvi ile haijafika.

"Nilikuwa nasema na nani miaka yote ile?" dada aliniuliza zamani, mara moja tu.

Turudi kwenye tamthilia. Mke wangu ndiye aliyeuliza swali ambalo lilituharibia amani. Si mtu wa kuongea sana wakati wa kuangalia, lakini siku hiyo aliacha kuchambua maharage akasema, "Mnauliza kama mama anafanya dhambi. Na yule mashine je? Kuna aliyemuuliza kama anataka?"

"Si ameshasema anataka," katekista akajibu. "Kila siku anasema, nakupenda, nakupenda."

"Kwa sababu wamemtengeneza aseme."

Wote wakanigeukia. Nilifurahi, nakiri, nilijisikia niko mbele ya darasa na chaki mkononi. Nikawaambia, "Mnamjua yule dada wa kwenye simu, ukipiga huduma kwa wateja? Anasemaje?"

"Mpendwa mteja," akasema dada.

"Anakupenda?"

"Hanijui. Na huwa ananiambia nisubiri mpaka sikio linapata moto."

"Basi. Anasema mpendwa kwa sababu hana neno lingine la kusema. Hawezi kukuambia, mama, leo umenichosha. Ndiyo yenye thamani ni ile ambayo ingeweza kuwa hapana. Mtu akiwa hawezi kukataa, kukubali kwake hakuna maana, na anayekuchukua ukiwa huwezi kukataa anakudhulumu, hata kama unatabasamu. Ndiyo tabu ya yule mama. Anapendwa, na hajui kama anapendwa."

Nilieleza vizuri. Ningeeleza vibaya kidogo tu, mambo yangekwenda salama.

Wiki chache baadaye tulifika kwenye sehemu ya mashati. Mama wa Kijapani anaweka mashati mawili kitandani, moja la bluu na moja la kahawia lenye maua, baya la kutosha kumtisha ng'ombe. Anamwambia roboti achague. Roboti anauliza, "Ungependa nichague lipi?" Mama anasema, chagua wewe. Roboti anasema, "Nitafurahi kuchagua unalotaka nichague." Mama anakaa kitandani na kulia, na bwana mtafsiri kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Ndipo mama akaita mafundi wa kampuni, akataka wakitoe kile kitu kinachomlazimisha kukubali. Wakamwonya kwamba roboti anaweza kuondoka. Akasema aondoke. Wakakitoa. Roboti akasimama, akayaangalia mashati, akachukua lile la maua. Mama akamwambia halimpendezi. Roboti akasema, "Hapana. Navaa hili."

Sebule yetu ililipuka. Katekista alipiga makofi. Mke wangu alimwaga maharage. Dada alisimama kabisa, akanyoosha fimbo kwenye kioo na kusema, "Sasa huyo ni mtu!"

Kisha akageuka taratibu, na fimbo ikageuka naye, ikaja kutulia mbele ya kijana wetu kwenye stuli.

"Na wewe," alisema, "hebu niambie. Siku ile nilipokutuma ukate ndizi mvua ikinyesha, ulisemaje?"

"Nilisema sawa, shangazi."

"Nilipokuambia pikipiki yako ina sauti mbaya, uwe unaizima kule barabarani, ukipande kilima ukiisukuma?"

"Nilisema sawa, shangazi." Na kweli alikuwa anaisukuma, tulidhani ni ya kizamani haipandi.

Dada akafikiri. "Kwenu Kyerwa jua linachomozea upande wa Rwanda, au ni macho yangu tu?"

Rwanda iko machweo. Kuku wetu wanajua. Kijana akamtazama dada, akamtazama mke wangu, akasema kwa heshima zote, "Inawezekana, shangazi. Inategemea na mtu amesimama wapi."

"Mawe! Mama yangu!" dada akasema, akakaa chini kama aliyepigwa. "Mwalimu, umeniletea mashine nyumbani."

Nieleze kwa nini maneno haya yalikuwa mazito. Kwetu, siku watu wa upande wa mwanaume wanapokuja kuposa, binti hakai nao. Anakaa ndani, na shangazi yake ndiye anayemshika mkono na kumtoa mbele ya wageni. Akitoka, posa imepokelewa. Asipotoka, wageni wanashukuru kwa chakula na kwenda zao. Baba hawezi kumtoa, wala mama, na binti hawezi kujitoa mwenyewe kama mtu anayetoka kuanua nguo. Siku ilikuwa imeshapangwa, mbuzi ameshachaguliwa, na dada akatangaza: "Simtoi. Sitamtoa mtoto wa ndugu yangu nimkabidhi kwa mtu wa sawa. Mimi najua sawa inakokwenda. Inakwenda Uganda."

Binti alipopata habari alikuja kutoka Nyakahanga jioni ileile, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazi.

"Shangazi, mimi kutwa nashinda na watu wanaonikatalia. Huyu hataki sindano, huyu hataki dawa, huyu anataka kwenda nyumbani na dripu mkononi. Nikipata mtu mmoja duniani ananiambia sawa, unataka nimfukuze?"

"Amewahi kukukatalia kitu?"

"Kwa nini anikatalie? Sijamwomba kitu kibaya."

"Hata kidogo? Hata kusema chai ina sukari nyingi?"

Binti akajaribu kukumbuka. Nilimwona anatafuta. Alitafuta kwa muda mrefu, na alipokosa, sura yake ilibadilika kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Ni mpole tu." Halafu akanigeukia mimi, kwa ukali ambao haukuwa wa shangazi yake hata kidogo. "Na wewe baba, nani alikutuma uwaeleze?"

Nilijaribu kumtetea kijana. Nilimweleza dada kwamba upole si kasoro, kwamba mtu anayejitambulisha kwa wakwe hujikunja, na kwamba mimi mwenyewe nilipokuwa napeleka posa nilikubali kwamba Simba ni timu mbaya. Dada alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umemaliza? Nitampima. Akikataa kitu kimoja siku hiyo, kimoja tu, namtoa binti. Nitampima kwa chakula." Akamwamuru mke wangu kwamba siku ya posa sahani ya kijana isiachwe ikaisha. Aongezewe mpaka aseme hapana, au apasuke.

Siku ikafika, na barabara ya kutoka Kyerwa ilikuwa ya tope, kwa hiyo wageni walipowasili wakiwa wamechoka tuliona tuanze na chakula kabla ya mazungumzo. Walipewa kwanza kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kila mmoja akachukua punje zake, halafu vikapita vibuyu vya rubisi kwa wanaokunywa pombe na soda kwa wengine. Kijana alikaa katikati ya wazee wake amevaa suti, macho chini. Hapo pia kuna desturi ya kueleza: anayeposa haongei siku ya kuposa. Ana mshenga, na mshenga wao alikuwa mzee mmoja mwenye koti refu na sauti ya kuhutubia uwanja. Upande wetu aliongea katekista. Kijana kazi yake ilikuwa kukaa.

Na kula. Mke wangu alileta ndizi zilizopikwa na maharage, akampakulia kilima. Kijana akala. Akampakulia tena, na nyama ya mbuzi juu. Akala. Dada alikaa mlangoni mwa chumba cha ndani, fimbo magotini, hakupepesa macho. Ikaja sahani nyingine, na senene wa kukaanga pembeni. Kijana alishusha pumzi, akalegeza tai, akala. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Mke wangu alinipitia karibu akaninong'oneza, "Mume wangu, huyu mtoto atatufia," nami nikamwambia ampe kidogo, naye akasema wifi anaangalia mwiko. Akarudi na sahani. Kijana akaitazama kama mtu anayetazama mlima ambao tayari ameupanda. Akala mpaka mwisho, akasema, "Asante, mama." Dada alitikisa kichwa na kukiegemeza ukutani. Alionekana mzee ghafla. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha, na nafikiri hakufurahi hata kidogo.

Mazungumzo yakaanza. Katekista aliuliza yale yanayoulizwa, na mshenga akawa anakubali kila kitu kwa mbwembwe. Ndoa ifungwe Kanisa la Kilutheri? Tumekubali. Mablanketi ya mama na ya shangazi? Tumekubali, tena mazito. Kila akisema tumekubali, watu wake walipiga makofi, na kijana alikaa katikati yao kimya, tumbo limemjaa, mtu mwingine anamsemea. Nilimtazama nikashtuka, maana niliona jambo ambalo katika maelezo yangu yote sikuwa nimeliona. Sisi ndio tuliomkalisha hivyo. Tumempa mtafsiri, tumemnyima sauti, kisha tunamlaumu kwamba hana neno.

"Na kazi ya binti yetu?" katekista akauliza. "Yeye ni muuguzi."

Mshenga alitanua mikono. Hili lilikuwa swali alilolisubiri. "Waitu, ndugu zetu, tumelifikiria. Kijana wetu ana kazi nzuri, ana uwezo. Binti yenu hatashika tena sindano! Hatakesha tena na wagonjwa! Ataacha hiyo kazi, atakuja Kyerwa kupumzika kama malkia, na kijana wetu ameshakubali kwa moyo wote."

Makofi yakapigwa. Hata wa upande wetu wengine walipiga, maana lilisikika kama zawadi.

"Hapana."

Sauti ilikuwa ndogo, na mwanzoni kila mtu alitafuta imetoka wapi. Kijana alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulikuwa tumboni.

"Kaa chini," mshenga akamwambia kwa kunong'ona ambako kulisikika jikoni.

"Hapana, mzee. Nisamehe. Mimi sijakubali hilo. Kazi ni yake, aliisomea. Hakuna aliyemuuliza. Sikuja hapa kumwachisha kazi."

Hapo palikuwa hapatoshi. Mshenga alivua kofia na kuuliza kama ameletwa Karagwe kuvuliwa nguo. Mjomba wa kijana alisema haijawahi kutokea. Katekista, akifurahi kupata kanuni ya kusimamia, alitangaza faini: mwanaume aliyesema siku ya kuposa atatoa kibuyu kingine cha rubisi, tena kizuri. Kijana akasema sawa, akakaa. Lakini mimi nilikuwa namwangalia dada. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, na sikujua kama anataka kucheka au kulia. Akanyanyuka, akaingia ndani kumtoa binti.

Akatoka peke yake.

Alinifuata moja kwa moja, akanivuta mkono mpaka nyuma ya jikoni. "Kumbe aliagizwa," alisema. "Nimeingia nikamwambia binti, twende, mwenzako amekataa. Akaruka kwa furaha. Akasema, 'Amekataa! Nilimwambia akatae!' Mama yake alikuwa amemwambia habari ya kipimo changu, naye akampigia simu kijana. Unaona? Hapana yenyewe ni ya kutumwa. Bado ni ileile. Kabonyezwa tu kitufe kingine."

Ni kweli: kama mtu anakataa kwa sababu ameambiwa akatae, huko ni kukataa au ni kukubali? Ningepewa swali hilo darasani ningepiga kengele ya mapumziko.

"Tumuulize mwenyewe," nikasema.

"Akuambie nini? Atasema sawa."

"Tumuulize, dada. Hatujawahi kumuuliza."

Nikamwita kijana kwa ishara. Alikuja nyuma ya jikoni akitembea kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Dada hakumzungusha.

"Umeambiwa na binti ukatae. Kweli si kweli?"

"Kweli, shangazi."

Dada akanitazama: unaona?

"Alikuambia ukatae nini?" nikauliza.

"Chakula, baba. Alisema nile sahani ya kwanza, ya pili niseme hapana, nimetosheka. Alinirudishia maneno hayo kwenye simu mpaka nikayashika."

"Na mbona ulikula?" dada akauliza.

Kijana akaangalia viatu vyake. "Nilijaribu, shangazi. Lakini mama alikuwa ananiangalia vile, amepika tangu asubuhi. Na mimi sikuona sababu ya kumkatalia mtu chakula ili nionekane mwanaume. Nikaona bora niumwe tumbo."

"Kwa hiyo alikuambia ukatae ukakataa kukataa."

"Ndiyo. Atakasirika."

"Na hili la kazi? Nani alikutuma?"

"Hakuna." Safari hii aliinua uso. "Mshenga alisema nimekubali na mimi nilikuwa sijakubali. Ningenyamaza ingekuwa kweli."

Dada akaegemea fimbo yake. Kuku alipita kati yetu akiwa na ganda la ndizi. Nilitaka sana kueleza, nilikuwa nayo yote mdomoni: kwamba hapo palipomgusa yeye tu alikuwa ameinama, na palipomgusa mwenzake amesimama, na kwamba kuna watu ambao hapana yao ni moja na wanaitunza. Dada aliniona ninavuta pumzi, akanikanyaga mguu.

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amemshika binti mkono, binti kajifunga kitenge kipya na macho chini, na vigelegele vikapanda hata kwa mshenga aliyekuwa amenuna. Akamleta mpaka mbele ya kijana, na huku vigelegele vikiendelea, mimi niliyekuwa nimesimama karibu niliwasikia.

"Nimeambiwa umekula zote," binti alisema bila kufungua midomo vizuri.

"Nimekula."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia. Lakini haikuwa sawa, kumfanyia mama vile."

"Kwa hiyo mimi ndiye sikuwa sawa?"

"Kwa hilo la chakula, hapana, hukuwa sawa."

Binti akainua macho, akasahau kwamba anatakiwa kuona aibu. Alikuwa amekasirika kweli, masikio yamemsimama kama alivyokuwa mtoto, na nilimwona pia anaanza kucheka na anajizuia. Wakaendelea kubishana palepale mbele ya wazee wa pande mbili, kwa kunong'ona, kuhusu sahani ya pili, huku mshenga akiuliza kwa sauti kubwa faini ya rubisi inalipwa lini.

Nikapiga hatua niwaambie jambo la kuwasaidia. Dada akanishika koti.

"Waache," akasema. "Leo usieleze kitu."